Shimo Lina Mwisho: Habari za Mwadui na Funzo Lake Kwetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Nyasubi, Kahama



Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja alisimama pale nyuma akauliza swali. Alisema: "Ninyi vijana wa Chama mmesoma. Buzwagi wamezima mitambo, wapangaji wangu wamehama, vyumba vitatu havina mtu. Tuambieni, shimo likiisha, mji unabaki na nini?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimpigia mzee makofi, tukafunga mkutano, tukaenda zetu nyumbani. Lakini swali la mzee haliishi kwa makofi. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asiyejua jibu huenda kulitafuta; hawadanganyi watoto ili aonekane hodari. Basi tumesoma, tumeuliza, na leo tumeleta habari za mji mmoja jirani yetu ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu. Mji huo ni Mwadui.

Kabla ya shimo

Mwadui iko katika nchi ya Wasukuma, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga. Leo ni wilaya ya Kishapu. Kabla ya mwaka 1940 hapakuwa na mji wowote. Palikuwa na mashamba ya mtama na pamba, malisho ya ng'ombe, mibuyu, na watu waliojua ukame na kujua jinsi ya kuuvumilia. Mtu alipita penye shamba la baba yake bila kumwomba mlinzi ruhusa. Haya tunayataja mwanzo kabisa kwa sababu wako watu wanaosimulia habari za migodi kana kwamba wananchi walianza kuishi siku mgeni alipofika na sururu yake.

Almasi zilikuwa zimejulikana katika pande hizi kitambo. Huko Mabuki, njia ya kwenda Mwanza, zilichimbwa tangu miaka ya 1920. Lakini chimbuko kubwa halikuonekana mpaka mwaka 1940, lilipogunduliwa Mwadui na Dakta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliyekuwa na umri wa miaka 33. Mwamba ule wenye almasi una eneo la hektari 146 hivi, nao ni mmojawapo wa miamba mikubwa kabisa ya namna yake iliyopata kuchimbwa duniani. Mwaka 1942 ikaundwa kampuni, ikaitwa Williamson Diamonds.

Hatumnyimi Dakta haki yake. Alitafuta kwa muda mrefu akiwa na fedha kidogo, akapata alichokitafuta. Lakini vitabu vimeandika jina lake, wala havikuandika majina ya watu waliochimba, waliobeba mchanga kwa karai, waliouosha na kuuchekecha chini ya jua la Shinyanga. Hao walikuwa baba zetu na babu zetu. Tukisema historia ya Mwadui, yafaa tuanze kwa kuwakumbuka hao.

Mji ndani ya seng'enge

Kampuni ilipopata nguvu ilijenga mji. Ulikuwa mji kweli: nyumba zilizopangwa, taa za umeme, maji ya bomba, hospitali, shule, maduka, viwanja vya michezo, na kiwanja cha ndege. Mtoto wa mkulima aliyetoka kijijini akaingia Mwadui kwa mara ya kwanza alidhani amefika ng'ambo. Lakini mji wote ulizungushiwa seng'enge. Aliyeingia aliulizwa anakwenda kwa nani, aliyetoka alipekuliwa. Na ndani ya seng'enge, kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni, Mzungu alikuwa na mtaa wake, Mhindi na mtaa wake, na Mwafrika na mtaa wake.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Taa ilikuwa ya kampuni. Bomba, kitanda cha hospitali, dawati la shule, vyote vilikuwa vya kampuni. Mtu aliishi vizuri maadamu alikuwa na kazi. Siku kazi ilipokwisha alifunga mizigo yake, maana hata mlango aliokuwa akiufunga usiku haukuwa wake.

Mwaka 1947 ilionekana Mwadui almasi moja ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5. Dakta aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Malkia. Ilikatwa, ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo lenye umbo la ua, la kuvaliwa kifuani. Watu wengi duniani wamewahi kuliona pambo hilo katika picha. Ni wangapi walioiona picha ya yule aliyeuchimba mchanga ambamo jiwe lile lilitoka?

Mwaka 1958

Januari 1958 Dakta Williamson alifariki, akazikwa Mwadui. Mwaka huohuo mgodi ukauzwa. Nusu ilichukuliwa na De Beers, kampuni kubwa ya almasi ya Afrika ya Kusini, na nusu ikachukuliwa na Serikali ya Tanganyika, ambayo wakati ule ilikuwa bado ni serikali ya kikoloni. Watu wa Mwadui hawakuulizwa.

Ndugu zetu, mwaka huohuo wa 1958, hapa hapa katika Jimbo la Ziwa, wananchi wa Geita walikuwa wameletewa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi ambalo hawakulitaka. Walikataa. Walitoka kwa mamia na maelfu, wakatembea mpaka Mwanza kumwambia mkubwa wa Jimbo kwamba hawataki. Serikali ya kikoloni iliwatawanya kwa polisi na moshi wa kutoa machozi, lakini baraza lile halikusimama. Tunayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Watu wa Geita walikuwa wakulima wa pamba, wenye mashamba yao na vyama vyao vya ushirika. Walikuwa na mahali pa kusimama, ndipo wakasema "hatutaki". Watu wa Mwadui walikuwa wakiishi katika nyumba za mwajiri. Mtu anayeweza kufukuzwa nyumbani kwake jioni hasemi kwa sauti kubwa asubuhi.

Uhuru ulipofika

Mwaka 1961 tulipata Uhuru. Mwaka 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na katika miaka ya 1970 mgodi wote ukawa mikononi mwa Serikali. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mitaa ya rangi ilivunjwa. Waafrika walishika kazi zilizokuwa za Wazungu. Watoto wa wachimbaji walisoma, wakawa walimu, wauguzi, mafundi na wahandisi. Wengine wako serikalini mpaka leo.

Lakini yafaa tuseme kweli tupu. Changarawe ya juu, ambayo ndiyo iliyokuwa na almasi nyingi, ilikuwa imekwisha kuliwa. Mitambo ilizeeka, na vipuri vilitaka fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Almasi zikapungua mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1994 De Beers ilirudi, ikashika asilimia 75, Serikali ikabaki na 25. Mwaka 2009 nafasi ya De Beers ikachukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds. Mwaka 2021 yakafanywa mapatano ya kuipa Serikali asilimia 37 na Petra 63. Mwaka 2025 Petra nayo ikatangaza kuziuza hisa zake.

Hesabuni wenyewe. Dakta, De Beers na wakoloni, Serikali yetu, De Beers tena, Petra, na sasa mwingine. Wenye mgodi wamebadilika mara hizi zote katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Seng'enge ilibaki palepale.

Na waliokaa nje ya seng'enge wamepata nini? Mwaka 2021 Petra ilikubali kulipa paundi milioni 4.3 za Kiingereza ili kumaliza madai ya watu 71 yaliyopelekwa kwa mawakili wa London, waliosema kwamba watu walipigwa na wengine kuuawa na walinzi na askari katika eneo la mgodi. Kampuni ililipa bila kukiri kwamba ina dhima. Na tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za majirani. Mtu ambaye hakuwahi kula mshahara wa mgodi hata siku moja aliamka akakuta tope la mgodi limelala shambani kwake.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Nje ya seng'enge, kando ya barabara ya Shinyanga na Mwanza, umekua mji mdogo wa Maganzo. Hapana aliyeupanga. Nyumba za Maganzo si nzuri kama zile zilizojengwa na kampuni, na maji yalichelewa. Hata hivyo mwenye kibanda Maganzo ni mwenye kibanda. Mgodi ukisimama, hupata dhiki, lakini hahami. Hapo ndipo tulipoanza kuona jibu la swali la mzee wetu.

Kijiji cha makaa ya mawe

Huenda mtu akasema: haya ni mambo ya Afrika, kwa sababu tulitawaliwa. Basi na tuvuke bahari kidogo, tuwatazame wale wale waliotutawala, maana na kwao kuna wachimbaji.

Katika jimbo la Durham, kaskazini ya Uingereza, pwani kabisa, kuna kijiji kinachoitwa Easington Colliery. Kilikuwa mashamba, kama Mwadui ilivyokuwa. Mwaka 1899 kampuni ilianza kuchimba shimo la makaa ya mawe. Maji yaliwasumbua sana, na makaa ya kwanza yalitoka mwaka 1910. Kampuni ilijenga nyumba za matofali, safu kwa safu, zote sawasawa. Wanaume walishuka chini, wakachimba mpaka chini ya bahari.

Januari 1947 Serikali ya Uingereza ilitaifisha migodi yote ya makaa. Kila mgodi ulibandikwa kibao kilichosema kwamba sasa unaendeshwa kwa niaba ya wananchi. Wachimbaji walilia kwa furaha. Lakini tarehe 29 Mei 1951 hewa ya chini ya ardhi ililipuka huko Easington. Wachimbaji 81 walikufa, na watu wawili waliokwenda kuwaokoa wakafa pia, jumla 83. Mwaka huohuo wa 1951 wapangaji wa jimbo la Durham walitoa mpango wa kuvipa vijiji madaraja. Vijiji zaidi ya 100 viliwekwa katika daraja la mwisho, daraja la D: visijengewe kitu tena, viachwe vife polepole, kwa kuwa makaa yalikuwa yanakwisha. Watu wa vijiji hivyo walisoma hukumu yao katika karatasi za wakubwa. Walipigana na mpango huo zaidi ya miaka ishirini, na vijiji vingi vikapona.

Easington haikuwa katika daraja hilo. Shimo lake lilikuwa kubwa na jipya. Mwaka 1984 wachimbaji wa Uingereza waligoma mwaka mzima wakipinga kufungwa kwa migodi, wakashindwa. Mwaka 1993 shimo la Easington likafungwa, na watu wapatao 1,400 wakapoteza kazi. Mitambo ilibomolewa. Ukienda leo utakuta majani mahali palipokuwa na mnara wa kushushia watu. Maduka mengi yalifungwa, na vijana wengi wakaondoka.

Nini kilichobaki? Tumelichunguza jambo hili, maana ndilo swali la mzee. Kilichokuwa cha kampuni na cha Serikali kiliondoka. Kilichobaki ni kile ambacho wachimbaji walikijenga kwa senti zao wenyewe. Katika mji wa Durham limo jengo kubwa la chama chao, lililofunguliwa mwaka 1915, ambalo lilijengwa kwa michango ya wanachama. Liko mpaka leo, ingawa wachimbaji wa makaa hawako tena katika jimbo lile. Kila Julai watu hukusanyika Durham kwa maelfu, na bendi za tarumbeta za vijiji hupita na bendera zao, kama walivyofanya tangu mwaka 1871. Mgodi mkubwa wa mwisho wa makaa wa kina kirefu huko Uingereza ulifungwa Desemba 2015. Bendi bado zinapiga.

Hatusemi kwamba tarumbeta hulisha watoto. Tunasema kwamba watu wenye kitu chao hubaki watu, na waliobaki watu huweza kuanza tena.

Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani, Nyasubi. Dhahabu haikuianzisha Kahama. Kabla ya Buzwagi palikuwa na mpunga, pamba, tumbaku na karanga. Palikuwa na chama kikuu cha ushirika. Palikuwa na barabara ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Dhahabu ilitukuta tukiwa watu tayari.

Dhahabu nayo imetupa mafunzo mengi. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofunguliwa katika miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na mgodi mkubwa pale mpaka ulipofunguliwa mpya mwaka 2000. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kuipisha kampuni, na wengi wao walikuja kulala katika mitaa yetu hii bila kitu mkononi. Mwaka 2017 Bulyanhulu ilipopunguza kazi, mama ntilie wa Kahama walijua kabla ya magazeti. Buzwagi ilianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ikafungwa mwaka 2021: miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa siku kinu kilipowashwa hakuwa amemaliza shule ya msingi kilipozimwa.

Na kwa wachimbaji wadogo hali ni ngumu zaidi. Oktoba 2015, huko Nyangalata, katika wilaya hii ya Kahama, duara liliporomoka na kuwafukia watu. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, vyura na wadudu. Dunia nzima ilistaajabu. Sisi tustaajabu jambo lingine: kwamba siku ya pili yake watu wengine walishuka katika maduara mengine, kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine.

Serikali imelitangaza eneo la Buzwagi kuwa eneo maalumu la uchumi, ili viwanda vijengwe mahali palipokuwa na mgodi, na imetajwa habari ya kusafisha hapo nikeli ya Kabanga. Hilo ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini tusifanye kosa la Mwadui. Tusikae tukingoja seng'enge nyingine ipigwe, nyumba nyingine za mwajiri zijengwe, halafu tuseme mji umerudi. Kiwanda nacho kina mwisho wake.

Wako wanachama wanaotuambia: "Ninyi mnaogopesha watu. Mgodi mwingine utapatikana. Nchi hii ina dhahabu mpaka chini ya vitanda vyetu." Huenda ukapatikana. Hata hivyo utakwisha. Mtu anayeruka kutoka shimo moja kwenda jingine hajengi nyumba, anahamisha hema. Na hapa yatupasa tujilaumu sisi wenyewe katika Chama. Mgodi ulipofunguliwa tulikwenda kupiga vigelegele. Je, tulikwenda kuuliza utafungwa lini, na siku hiyo tutabaki na nini? Hatukuuliza. Tulidhani kwamba kuuliza ni kukosa adabu mbele ya mgeni.

Kazi tatu

Basi tunaleta mbele ya tawi hili mambo matatu. Si makubwa, lakini ni yetu.

La kwanza ni hesabu. Tangu sheria za mwaka 2017 Serikali ina haki ya asilimia 16, isiyopungua, katika kila mgodi mkubwa, na mrabaha wa dhahabu uliwekwa asilimia 6. Halmashauri zilizo na migodi hupata ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na kampuni inatakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa kuisaidia jamii inayoizunguka. Ni nani kati yetu aliyepata kuusoma mpango huo? Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaomba tawi liwachague watu wanne, wawili kati yao wanawake, wanaojua kusoma hesabu, waende kila mkutano wa hadhara wa mtaa na wa kata, waulize kwa adabu zilikuja shilingi ngapi, zimejenga nini, na zimebaki ngapi. Kisha warudi hapa watusomee. Diwani aliye mwaminifu atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi tutamjua.

La pili ni akiba. Wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiongozwa na akina Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 wakawa na Shirikisho la Victoria, wakajenga vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Walikuwa maskini kuliko sisi. Hawakuwa na simu wala benki. Walikuwa na mizani ya kijiji na mtu waliyemwamini kusoma mizani hiyo. Ni kweli kwamba baadaye ushirika uliugua, na sehemu kubwa ya ugonjwa wake ilikuwa wizi wa viongozi wake wenyewe. Hatufichi. Dawa ya wizi ni daftari lililo wazi na mkaguzi asiye jamaa ya mtunza fedha, kuliko kuuacha ushirika. Mama zetu wa Nyasubi wana vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo havijapoteza hata senti. Vijana wa bodaboda, mafundi wa gereji, wenye mashine za kukoboa mpunga na wenye karasha za wachimbaji wadogo wafuate njia hiyo. Sheria imewatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba. Fedha hiyo haimfuati mtu nyumbani. Inataka kikundi kilichoandikishwa.

La tatu ni ardhi na ufundi. Siku hizi wanapita watu mitaani wakinunua viwanja kwa wenye dhiki, maana wamesikia habari za viwanda. Tunawasihi wazee: msiuze kwa hofu ya mwaka mmoja kitu kitakachokula wajukuu zenu. Pimeni, mpate hati, pangisheni, lakini msiuze. Na vijana waliofanya kazi Buzwagi wametoka na ufundi wa umeme, wa kuunganisha vyuma na wa mitambo mikubwa. Ufundi huo ndio dhahabu pekee iliyotoka ndani ya seng'enge bila kupekuliwa. Tukiwaacha waondoke wote, tutakuwa tumeuzika mgodi mara mbili. Tunaomba kila fundi aliye hapa achukue kijana mmoja wa mtaa huu amfundishe.

Jibu la mzee

Sasa tumjibu mzee wetu, ambaye tunamwona amekaa palepale alipokaa siku ile. Mzee, ulituuliza shimo likiisha mji unabaki na nini. Tumekwenda Mwadui, tumekwenda hata Uingereza kwa njia ya vitabu, na jibu tulilorudi nalo ni hili: mji hubaki na kile ambacho watu wake walikifanya kiwe chao wakati shimo likiwa hai. Vyumba vyako vitatu ni vyako. Havikuhama na mgodi. Viko hapa, vikimngoja fundi, au mwalimu, au mfanya biashara wa mchele wa kwenda Kigali. Una mahali pa kuanzia, na kwa sababu hiyo mji huu una mahali pa kuanzia.

Kwetu sisi wa Chama umebaki wajibu. Baba zetu walidai nchi hii wakaipata bila kuwa na seng'enge hata moja ya kwao. Itakuwa aibu sisi tuliozaliwa huru tushindwe kudai hesabu ya ushuru wa mtaa.

Tunaomba Ndugu Mwenyekiti ayatie mambo haya matatu katika kura leo hii, kabla hatujatawanyika, ili safari hii mkutano usifungwe kwa makofi peke yake.

Umoja na kazi!